Bi Kiganja Kwenye Kongamano

Kuna walimu wanaotuliza darasa kwa kufoka, na kuna wanaolituliza kwa kupiga meza mpaka chaki zinaruka. Bi Kiganja hakuhitaji lolote kati ya hayo. Akiwa katikati ya somo la hesabu, akiona jicho la mtoto limezama chini ya dawati, alianza kutembea. Sentensi aliyokuwa nayo mdomoni hakuikatisha. Alifika, akanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimebanana, akaendelea kueleza sehemu na desimali huku kiganja kikingoja. Kilichofichwa kilipanda chenyewe: gololi, peremende iliyoliwa nusu, barua ya mapenzi, simu ya kaka wa mtu. Hata watundu waliowashinda wazazi wao waliweka.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa zamani, ambao sasa watoto wao wanasoma pale pale na wamelirithi kama wanavyorithi pua. Yeye mwenyewe alilijua na alilipenda, ingawa ukimwita hivyo mbele yake alijifanya hajasikia.

Vitu vilivyochukuliwa vilikaa katika kasha la mbao lililo kwenye pembe ya darasa, na kasha lilifunguliwa Ijumaa. Hapo ndipo alipotofautiana na walimu wengine. Kwake hakuchapwa mtu wala hakuitwa mzazi. Mwenye kitu alisimama mbele akaeleza lile somo lililompita alipokuwa akichezea kitu chake, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka darasa liseme "Tumeelewa." Likisema "Hatujaelewa," anaanza upya. Huko kuliitwa kukomboa. Ambaye hakukomboa, kitu chake kilibaki kuwa mali ya darasa, na ndiyo maana darasa lile lilikuwa na mpira mzuri kuliko timu ya shule.

Maelezo yaliyoeleweka Bi Kiganja aliyarekodi kwenye simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka toka pembe hadi pembe. Hakutaja jina la msemaji, maana sauti isiyo na jina haichekwi. Mtoto aliyekuwa mgonjwa, au aliyeachwa nyuma na wenzake, alipewa simu wakati wa mapumziko akakaa nayo kwenye ngazi akimsikiliza mwenzake akimweleza.

"Mimi nilielewa zamani," Bi Kiganja alikuwa akisema. "Nimeshasahau mtu hupotelea wapi. Aliyeelewa juzi anakumbuka."

Sauti zilikuwa nyingi sasa, za miaka mingi, na baadhi ya wasemaji walikuwa wameshaota ndevu. Tatizo lilikuwa moja tu. Mwisho wa mwaka Bi Kiganja alikuwa anastaafu, na simu ilikuwa yake.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu akamwomba kazi ile ichukuliwe na shule. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema mwenye mafaili mengi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mpango wa shule hauwezi kukaa kwenye simu iliyopasuka ya mtu binafsi. Tena ni nani ataufuata? Wewe ukiondoka, umeondoka."

Akaenda kwa mwalimu wa kompyuta. Huyu walimwita Waya kwa sababu hakuonekana bila waya shingoni, wa chaja au wa spika au wa kitu ambacho hata yeye alikuwa hajakijua bado. Alikuwa mwanafunzi wa Bi Kiganja enzi zake, na mpaka leo alimwita Mama.

"Mama, nakuheshimu sana," Waya alisema. "Lakini hiyo siyo teknolojia. Hiyo ni simu."

Bi Kiganja aliumia. Hakuumia kwa kuambiwa hapana, kwani mwalimu wa hesabu huambiwa hapana kila siku. Aliumia kwa sababu sauti ya kijana huyo, ya alipokuwa darasa la tano, ilikuwa mle ndani ya simu, ikieleza asilimia.

Mambo yakiwa hapo, ndipo lilipokuja tangazo la kongamano la teknolojia ya elimu. Shule zilialikwa kuonyesha kazi zao mbele ya majaji, na shule itakayoshinda ingepewa vishikwambi vya kujaza darasa zima, pamoja na mtaalamu wa kuja kuvitunza. Bi Kiganja alilisoma tangazo ubaoni pale ofisini, akalitoa pini, akaingia nalo kwa mwalimu mkuu.

"Ninakwenda mimi," alisema. "Sauti zikihamia kwenye vishikwambi vyenye muhuri wa shule, hakuna atakayesema ni mambo ya bibi fulani aliyestaafu. Na huyo Waya atanisindikiza anishikie waya."

Nyumbani, mume wake, fundi cherehani, alimshonea gauni la safari. Aliagizwa aweke mifuko miwili mirefu ubavuni.

"Kongamano gani hilo la kwenda na mifuko kama seremala?" fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nina vitu vya kubeba, baba. Shona."

Akashona. Mume huyu alikuwa mtu wa dhahabu, ila alikuwa na tabia moja: akibaki peke yake nyumbani hupiga simu kuuliza vitu vilivyo mbele ya macho yake. Mkasi uko wapi. Chumvi iko wapi. Siku moja aliuliza miwani yake iko wapi, na alipoambiwa ajishike usoni akakata simu bila kuaga. Kwa hiyo asubuhi ya kongamano, kabla ya kupanda ngazi za ukumbi, Bi Kiganja aliizima simu yake kwanza.

Ukumbi ulikuwa na zulia linalomeza sauti ya viatu na baridi ya kutengenezwa iliyowafanya watu wazima wakunje mikono kama watoto waliofukuzwa nje. Kila mtu alivishwa kitambulisho shingoni, mgeni kwa mwenyeji, hata ukawa huwezi kumjua mkubwa wala mdogo. Pembeni zilipangwa meza za maonyesho, na kila kilichokuwa juu ya meza kiliitwa suluhisho. Bi Kiganja alipita meza hadi meza akiuliza kwa upole, "Suluhisho la nini, mwanangu?"

Kijana mmoja alimwonyesha kamera inayowahesabu wanafunzi wanaopiga miayo.

"Ikishawahesabu inafanya nini?"

"Inampelekea mwalimu taarifa, Mama. Papo hapo."

"Na mwalimu yuko wapi?"

"Yuko darasani."

"Basi hiyo taarifa itamkuta ameshapiga miayo na yeye," alisema Bi Kiganja, na kijana akacheka mpaka akampa kalamu ya bure.

Msidhani alikwenda pale kubeza. Kwenye meza nyingine kulikuwa na kishikwambi chenye kioo kinachokuza maandishi kwa mtoto asiyeona vizuri, na pale alisimama muda mrefu. Alimkumbuka binti mmoja wa safu ya mbele ambaye kila siku huinuka kwenda kuusoma ubao kwa pua. Aliuliza kinavyochajiwa, kinavyosafishwa, kikianguka inakuwaje. Alipoondoka alikuwa na hakika kwamba vishikwambi vile lazima vifike shuleni kwake.

Wakati wa chai Waya alimjia mbio, kikombe mkononi.

"Mama, kuna jambo kuhusu majaji. Wale watatu wanaokaa safu ya mbele, alama zao wanazitoa kwa..."

"Chomeka shati."

"Nimechomeka. Nasema hivi, majaji wana..."

"Nyuma hujachomeka. Unataka waseme tumetoka wapi?"

Waya akaweka kikombe chini, akachomeka nyuma. Alipomaliza, kengele ilikuwa imeshalia na Mama alikuwa ameshafika mlangoni, kwa maana Bi Kiganja hakuwahi kuchelewa kipindi hata kimoja maishani mwake.

Waliomtangulia walizungumza vizuri. Shule moja ilionyesha filamu ya majaribio ya sayansi, nzuri mno, na yeye alipiga makofi kwa moyo. Zamu yake ilipofika alipanda jukwaani bila karatasi. Alitazama ule ukumbi uliojaa walimu, wengine wa umri wake, wengine wangeweza kuwa wajukuu zake, akaona ni darasa tu, kubwa kidogo kuliko alilozoea. Akaiwasha simu yake, akaichomeka kwenye spika alizoandaa Waya, akabonyeza.

Sauti ya mtoto ikajaa ukumbi. "Sikilizeni. Mkiambiwa mgawanye tatu kwa nusu, msishtuke. Hamkati kitu. Mnauliza tu, nusu ngapi zimo humu ndani? Mama ana miche mitatu ya sabuni. Kila mtu anachukua nusu mche akafue. Watu wangapi watafua?"

"Sita," zikajibu sauti nyingi.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

Bi Kiganja akachomoa simu.

"Mtoto huyu alinyang'anywa pia, ile ya kuchezea," alisema. "Alikuwa akiizungusha chini ya dawati. Pia alirudishiwa, somo likabaki."

Akawaeleza habari ya kasha, ya kukomboa, na ya darasa kusema limeelewa au halijaelewa. Watu walicheka palipochekesha na kuinamisha vichwa mbele palipohitaji. Mwalimu yeyote anaijua saa hiyo darasa linapokuwa mkononi mwako, na hakuna mshahara unaoizidi. Alikuwa anaingia kwenye sehemu aliyoitaka hasa, ile ya kustaafu, alipoona safu ya mbele mwanamume mmoja mwenye shati la mistari ameinama. Simu ilikuwa mapajani. Kidole gumba kilikwenda juu, kikashuka, na mwenyewe akatabasamu.

Mazoea yana taabu. Bi Kiganja alianza kutembea.

"Mwisho wa mwaka huu ninastaafu," alikuwa akisema, huku akishuka ngazi za jukwaa, "na simu hii ni yangu. Nikiondoka nayo, naondoka na sauti zote hizi." Alipita mbele ya safu ya kwanza. "Sitaki kuondoka nazo. Si zangu, ni za shule." Alisimama mbele ya shati la mistari, akanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimebanana. "Nataka mtoto ambaye hajazaliwa leo, siku akikwama, amkute mwenzake aliyewahi kukwama pale pale."

Mwanamume yule alikitazama kiganja. Alimtazama mwenye kiganja. Sijui ni nini kilipita moyoni mwake, labda mwalimu fulani wa utotoni, lakini aliiweka simu. Bi Kiganja akaitumbukiza mfukoni, akageuka, akapanda jukwaani akiendelea na hoja yake. Nyuma yake kulisikika kishindo kidogo cha simu nyingi zikirudishwa kwenye mikoba.

Alimaliza kwa wakati. Makofi yalipigwa ya kutosha. Mwenyekiti wa kongamano, mwanamama mwenye sauti ya msoma habari, akashika kipaza sauti.

"Asante sana, Mwalimu. Majaji, tumeni alama zenu tafadhali."

Wawili waliokaa mbele wakagusa simu zao. Shati la mistari akainua mkono taratibu, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Samahani, Mwenyekiti. Sina simu."

"Iko wapi?"

Yule bwana hakumtaja mtu. Alitazama tu jukwaani, na katika kutazama kwake Bi Kiganja alihisi mfuko wa gauni umekuwa mzito kama umetiwa jiwe. Sasa alielewa Waya alikuwa anataka kusema nini pale kwenye chai.

"Ninayo mimi," alisema.

Alishuka akairudisha kwa mikono miwili. Jaji akaiwasha. Kioo kilikuwa kimeandika kwamba muda wa msemaji umekwisha na mlango wa alama umefungwa. Akaitwa fundi mitambo, naye akaja mbio, akabonyeza huku na kule, akatikisa kichwa. Mfumo ulikuwa umejifunga kwa wote, na jaji ambaye hakutuma alama alihesabiwa ametoa sifuri.

"Nilikuwa nimebakiza kipengele cha mwisho," jaji alimwambia kwa sauti ya chini. "Zilikuwa alama nzuri, Mwalimu. Nzuri sana."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angesema zilikuwa mbaya. Lakini Bi Kiganja hakuwa mtu wa kulia kabla ya kuuliza.

"Mwenyekiti, kosa ni langu, na ninaomba radhi," alisema. "Nilidhani anachezea. Ninachoomba, apewe karatasi aandike alama zake. Ziwe nzuri au mbaya, nipimwe."

Mwenyekiti alishauriana na waliokaa karibu naye, kisha akasema, "Mwalimu, wote waliokutangulia wamepimwa kwa mfumo mmoja, na wote mlikubali masharti yake. Nikikufungulia wewe, nitawaambia nini wao?"

Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, Bi Kiganja mwenyewe husimama mbele ya watoto akawaambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sasa alikuwa amekaa upande wa meno.

"Ningekuwa kwenye kiti chako," alisema, "ningesema hivyo hivyo."

Akawa anarudi kitini. Ndipo sauti ikatoka safu za nyuma kabisa, ya mwalimu mmoja mnene ambaye tangu asubuhi alikuwa akisinzia.

"Mwenyekiti, nina hoja. Huyo jaji amerudishiwa simu bila kukomboa."

Ukumbi ulicheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Wengine wakaanza kugonga viti. "Akomboe," walisema. "Akomboe." Mwenyekiti alitaka kuwanyamazisha, lakini walimu wakishageuka wanafunzi hakuna anayewaweza. Jaji mwenyewe akasimama, akavuta shati lake la mistari likae sawa, akaenda mbele.

"Ni haki yenu," alisema. "Basi. Kugawanya kwa sehemu ni kuzidisha kwa kinyume chake. Unachukua kigawanyo, unakipindua, asili inakwenda juu na kiasi..."

"Hatujaelewa," ukumbi mzima ulisema kwa sauti moja, kwa raha isiyo kifani.

Jaji alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Bi Kiganja alikuwa ameshatoa simu yake iliyopasuka na kuielekeza kwake.

"Usitaje jina," alimwambia. "Eleza tu."

"Haya. Nina miche mitatu ya sabuni," jaji alianza upya, pole pole. "Wamekuja watu wa kufua, kila mmoja nampa nusu. Wa kwanza na wa pili wamemaliza mche mmoja. Wa tatu na wa nne, mche wa pili. Wa tano na wa sita wamenimalizia sabuni. Kwa hiyo sikupata kidogo kwa kugawanya kwa nusu. Nimepata watu wengi kuliko sabuni."

"Tumeelewa."

Makofi yaliyopigwa hapo yalizidi yote ya siku ile. Waya alikuwa amesimama karibu na spika, waya shingoni, mdomo wazi. Baadaye Bi Kiganja alikumbuka ule mdomo.

Jioni matokeo yalionyeshwa kwenye kioo kikubwa. Shule ya filamu ya sayansi ilishinda. Shule ya Bi Kiganja ilikuwa ya mwisho, chini kabisa, na mbele ya jina la jaji mmoja kulikuwa na sifuri. Alipiga makofi kwa ajili ya walioshinda, maana walistahili. Kisha akaenda msalani akajifungia akalia, akanawa uso, akatoka.

Katika safari ya kurudi Waya alisema, "Mama, nilitaka kukwambia."

"Najua. Nilikunyima nafasi kwa ajili ya shati."

"Shati nalo lilikuwa limetoka."

"Lilikuwa limetoka kweli," alisema Bi Kiganja, wakacheka wote wawili, yeye kwa shida.

"Ile sauti ya asilimia," Waya aliuliza, akitazama nje, "bado ipo?"

"Ipo. Ulikuwa unakohoa kila ukifika kwenye mia."

Nyumbani fundi cherehani alisikiliza habari yote bila kuuliza kitu kiko wapi. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Wewe ni fundi wa nguo, koleo umelijulia wapi?"

"Hata mkasi ukivunjika si mwisho, basi tu haikuwekwa kwenye methali."

Bi Kiganja alicheka, lakini usiku huo alihesabu miezi iliyobaki na akaona ni michache. Hasira yake ilikuwa juu ya mkono wake mwenyewe. Mkono uliomjengea jina ndio uliomwangusha.

Jumatatu aliingia darasani akawaambia watoto ukweli, bila kuupaka sukari. Hatukushinda. Kosa lilikuwa langu, nilimnyang'anya simu mtu aliyekuwa kazini. Watoto waliguna. Mmoja akauliza kama jaji alikomboa, na alipojibiwa kuwa alikomboa, tena kwa sabuni, wakaridhika kuliko alivyotarajia. Akageukia ubao akaanza kuandika hesabu za siku.

Hapo simu ikalia.

Ililia mfukoni mwake, kwa mlio ule wa kizamani unaosikika mpaka jikoni kwa jirani. Bi Kiganja, ambaye kila asubuhi huizima kabla ya kuvuka mlango wa darasa, siku hiyo alikuwa na mawazo yake. Aliitoa ili aikate. Kwenye kioo kilichopasuka lilionekana jina la mume wake, na bila shaka ilikuwa chumvi. Alipoinua macho aliona kiranja wa darasa amesimama.

Alikuwa binti mwembamba, asiye na maneno mengi, yule yule anayesoma ubao kwa pua. Alitoka kwenye dawati lake, akatembea bila haraka, akafika mbele ya mwalimu wake. Akanyoosha mkono. Kiganja juu, vidole vimebanana.

Simu iliendelea kulia.

Zipo njia nyingi za mtu mzima kujitoa mahali kama pale. Angeweza kusema mimi ni mwalimu. Angeweza kucheka akampapasa mtoto kichwani. Bi Kiganja alikitazama kile kiganja, na kwa jicho la mjuzi wa kazi hiyo alikiona kimenyooshwa vizuri. Hakikuomba wala hakikuchokoza. Kilingoja tu.

"Sheria ni msumeno, Mwalimu," binti alisema kwa heshima zote.

Bi Kiganja akaweka simu. Binti akaikata, akaizima, akaenda kuitia ndani ya kasha, akarudi kukaa. Somo likaendelea. Lakini wale waliokaa mbele wanasema mwalimu aliandika ubaoni kwa muda mrefu sana akiwa amewapa mgongo, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu na uso wake unacheka.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa fundi cherehani, aliyelazimika kuitafuta chumvi mwenyewe. Ijumaa kasha lilifunguliwa. Mwenye gololi alikomboa gololi zake. Mwenye filimbi alirudishwa mara mbili ndipo akaeleweka. Waya, ambaye habari ya simu ile ilikuwa imemfikia, alikuwa ameingia kimya kimya akasimama nyuma, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na shingoni alikuwa na waya wa chaja ya aina ya zamani, ile isiyouzwa tena madukani. Alikuwa ameuzunguka mji mzima kuitafuta.

Ikabaki simu. Kiranja aliishika juu watu wote waione.

"Mwalimu, karibu ukomboe."

Bi Kiganja alisimama, akaja mbele, akalitazama darasa. Alimtazama Waya na chaja yake. Alimtazama binti aliyeshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. Alikwenda kongamanoni kutafuta vishikwambi vya kuachia shule sauti zile. Hakujua kwamba alichokuwa anatafuta ni mkono.

"Sikuandaa somo," alisema.

"Hata fupi?"

"Hata fupi."

Kiranja aliwageukia wenzake, wakanong'onezana. Sheria ilijulikana.

"Basi itabaki hapa, Mwalimu. Ni mali ya darasa."

"Ibaki," alisema Bi Kiganja. "Ila naomba laini yangu. Baba wa nyumbani atanitafuta."

Walinong'ona tena. Suala la laini halikuwahi kutajwa kwenye sheria, kwa hiyo walikubaliana hainyang'anywi. Waya alikuja mbele, akafungua mgongo wa simu kwa ukucha, akaitoa laini akampa kiranja, kisha akachomeka chaja yake ukutani, karibu na kasha. Bi Kiganja akanyoosha mkono kama alivyozoea, na binti akamwekea laini katikati ya kiganja.